Tandiko la Kuondokea

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kaka yangu ameitisha kikao. Sijui kipi kimeniharibia siku zaidi.

Kaka ni mkandarasi, na tangu aanze kujenga maofisi ya watu hawezi kuomba hata chumvi bila ajenda. Tulikaa sebuleni kwa mama: yeye kwenye kiti cha mama, Dada na mimi kwenye kochi, Mdogo wetu mlangoni akichungulia simu. Wifi yangu, mke wa Kaka, alikuwa jikoni akijifanya anachemsha chai ili asikie vizuri. Mama tumemzika Desemba. Kaka akasema nyumba itapangishwa, wapangaji wanaingia Juni, paa litazibwa mvua ikipungua. Halafu akanigeukia kwa ile sauti anayowawekea vibarua anaotaka kuwaachisha kazi. "Na wewe, mdogo wangu, anza kutafuta chumba kizuri. Tutakusaidia."

Nimeishi nyumba hii tangu nizaliwe na sasa nywele zangu ni nyeupe. Ndimo nilimomlisha mama, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani miaka yake yote ya mwisho, wao wakija Jumapili kumsalimia na kumwambia amenenepa. Hakuna aliyeniuliza kama ninataka kwenda. Dada akadhani ananifariji. "Vyombo vya mama vyote ni vyako. Chukua unachotaka." Akanionyesha kabati la sufuria zisizo na mikono.

Nikasema sitaki sufuria, nataka matandiko.

"Matandiko gani?"

"Ya viraka. Aliyowashonea mama."

Wakatazamana. Mdogo akacheka bila kuinua macho. "Yale matambara, dada? Mimi hata sijui langu liko wapi."

Nikaamua palepale. Nitayatafuta yote matatu kabla sijatoka humu.

3 Machi

Jana niliandika kwa hasira, nikaruka la maana.

Kila mtoto aliyeondoka nyumbani kwenda kuanza maisha yake, mama alimpa tandiko alilolishona mwenyewe kwa mkono. Alikuwa akikusanya nguo zetu kuukuu kwenye sanduku, akazikata viraka, akaunga uso wa juu. Chini aliweka shuka zito. Katikati alitia blanketi lililochoka au mashuka yaliyochanika, ndiyo sehemu ya joto, na aliiita nyama. Kisha akayapitisha matabaka yote matatu kwa uzi mnene, mstari baada ya mstari, mpaka vidole vikavimba. Akaliita tandiko la kuondokea. Kaka alipewa alipooa, Dada alipoolewa, Mdogo alipoolewa. Mimi sikuolewa, sikuondoka, sikupewa. Wala sikudai.

Sasa naondoka. Nataka niondoke na moja, hata likiwa la mtu mwingine. Katika nyumba nzima hakuna kingine ninachokitaka.

5 Machi

Mvua. Ndoo tatu sebuleni.

8 Machi

La Kaka nimelikuta kwenye jengo analolisimamia, limefunikia mifuko ya saruji. Mtunza stoo wake ni mwenzangu wa kazi, maana na mimi natunza stoo ya shule ya bweni, basi tulielewana haraka. Akaniambia vibarua wanalipenda sana: ni zito, upepo haulipeperushi. Kona moja imeganda saruji kama biskuti.

Nilipokuwa nalivuta Kaka akatokea na kofia yake ya plastiki. "Sasa mifuko yangu niifunike na nini?"

"Ifunike na ajenda."

Alicheka, Kaka hana kinyongo, hilo nampa. Lakini hakuliangalia. Kiraka cha kati ni shati la baba, lile la mistari alilokuwa akivaa siku za mshahara, na juu yake pana alama ya buti. Nilimwonyesha. Akasema, "Ah, kweli bwana," akapokea simu.

9 Machi

Nimebandua saruji kwa kijiko. Siku nzima. Kijiko kimepinda, na mimi pia.

12 Machi

Mvua. Mwalimu mkuu anasema magodoro mapya yako njiani. Yako njiani tangu mwaka juzi.

15 Machi

La Dada liko juu ya boksi la vifaranga. Dada anafuga kuku wa kuuza, na nyumba yake yote ina harufu ya biashara.

"Usilitoe, watakufa kwa baridi!"

Nilikuwa nimejiandaa. Nimemletea blanketi la shule lililokwisha kufutwa stoo, kubwa kuliko hilo. Akalipapasa, akakunja pua. "Hili halina joto kama la mama. Mama alijua kushona, bwana." Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyoisikia tangu msiba, na imetolewa kwa niaba ya kuku.

16 Machi

Dada amekuja kusimamia ninavyofua. Amekaa kwenye kigoda, mimi mikono kwenye povu. Mara akashtuka, "Hee! Gauni langu la maua!"

"Langu pia," nikasema. "Nililivaa mpaka likachanika kwapani."

"Ulilivaa likiwa langu."

Tumegombana, wanawake wazima, kwa kipande cha nguo kisichotosha hata kufutia miwani. Alipoondoka nimeyapekua matandiko yote mawili, kiraka kwa kiraka. Baba yumo. Kaka yumo, kaptula zake zimejaa tele. Dada yumo kila pembe. Mimi nilirithi nguo za Dada zikiwa zimepauka, kwa hiyo hata pale nilipo nahesabiwa kuwa ni yeye. Sikujua kama jambo hilo bado linaweza kuniuma. Linaniuma.

22 Machi

La Mdogo. Yeye yuko benki, ana nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe, ana kijakazi na mashine ya kufulia. Tandiko lilikuwa nyuma ya mashine hiyo, limekunjwa kuzibia bomba linalovuja. Limelowa, limeota ukungu, panya wamelitafuna ukingo mmoja. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia. Mdogo naye akachutama, akanishika bega.

"Dada, samahani. Nilikuwa naona aibu kulitupa."

Mdogo nimembeba mgongoni. Nilimfundisha kusoma. Nikamwambia si kitu, na kwa kweli nilimaanisha.

Ni zito ajabu. Dereva wa teksi aliuliza kama nimebeba mtu.

23 Machi

Nimefua la Mdogo kwa maji sita. Maji ya sita bado meusi. Kulikamua tulishirikiana na jirani, yeye upande ule mimi huku, tukashindwa wote wawili.

26 Machi

La Kaka limekauka. La Dada limekauka. La Mdogo bado.

28 Machi

Mvua. La Mdogo bado.

30 Machi

Wifi amekuja bila kuitwa, ameleta bunda la uzi mnene, ule hasa aliokuwa akitumia mama. Sikujua kama bado unauzwa. Nikamshukuru shingo upande. Wifi simpendi na yeye anajua. Miaka yote tangu aolewe amekuwa mtu wa kuingia na kutoka kwa mama bila kelele, kunong'ona jikoni, kunyamaza nikiingia. Kwa kuwa mama alinyamaza naye, nilimchukulia kuwa ndiye mwenye kuchonganisha.

Leo alizunguka kamba barazani, akayashika matandiko moja moja. Kwa la Mdogo alisimama kidogo. "Bado bichi?"

"Halitaki kukauka. Nadhani nitalifumua ukingo, hewa iingie."

"Usilifumue, wifi. Liache, litakauka lenyewe."

"Tangu lini umekuwa fundi wa matandiko?"

Alikunywa chai yake, akapiga picha ya barazani kwa simu, akaenda zake.

2 Aprili

Nimemaliza kulitia viraka la Kaka. Kazi hii inanifundisha mkono wa mama kuliko kumwogesha kulivyonifundisha. Mishono yake ni midogo, imelala upande wa kulia, na pale alipochoka inakuwa mirefu kidogo, halafu inajirudi, nadhani alikuwa akijikaripia. Penye kiraka kinachokatisha ua katikati, amelitafuta ua lingine la kukutanisha nalo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Taa ilikuwa kibatari, watoto wanne, na bado alitafuta ua likutane na ua. Nimejivunia kuwa mtoto wake leo, nikasema kwa sauti, peke yangu barazani. Mama, ulikuwa fundi.

6 Aprili

La Mdogo bado. Lina harufu sasa.

12 Aprili

Ile picha ya wifi imetembea. Mdogo kanipigia: wenzake benki wameona matandiko yamening'inia barazani kwa mama, mmoja kaulizia kama yanauzwa, mwingine katokwa na machozi. "Dada, kumbe ni mali! Langu likikauka niambie nije nilichukue. Nitalitundika ukutani sebuleni."

Kaka naye kapiga. Analitaka lake, aliweke ofisini, wateja waone asili yake.

Nilidhani nitabaki na moja. Sikusema. Nilingoja mmoja wao aulize, "Na wewe je?"

13 Aprili

Nimepata chumba. Dirisha moja, choo cha pamoja, mwenye nyumba mjane anayependa redio. Nimelipia.

17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. La Mdogo bado. Likibaki hivi wiki nyingine litaoza, na ukungu utakuwa umenishinda mimi, si yeye.

19 Aprili

Nimelifumua.

Niliketi barazani baada ya chai ya asubuhi, nikatoa wembe, nikaanza upande uliotafunwa na panya. Nilitaka niache mdomo wa kiganja hivi, hewa ipite. Niliingiza mkono nikitarajia blanketi bovu, maana ndiyo nyama ya mama siku zote. Vidole vikagusa mishono ya viraka. Mama hakuwa na sababu ya kushona nyama. Nikafumua zaidi. Kwanza nikaona rangi ya manjano, mbichi kabisa, rangi ambayo haijaona jua. Halafu kaki. Halafu nikaacha kuwa mwangalifu, nikapasua ukingo wote kutoka kona mpaka kona, nikakata na mistari iliyoshikilia uso, nikalifunua tandiko zima pale sakafuni.

Ndani ya tandiko la Mdogo mna tandiko lingine. Zima, limekamilika, lina pindo lake pande zote nne, uso wake na mgongo wake.

Manjano ni blauzi niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nguo ya kwanza maishani mwangu ambayo Dada hakuivaa. Kaki ni koti langu la kwanza la stoo, na mfuko mama ameuacha ulivyo, na alama ya wino wa kalamu bado ipo. Sketi yangu ya buluu ya chuo cha ukarani imo, na kile kitambaa cha kichwa nilichodhani nilikisahau kwenye basi kimo pia. Na katikati kabisa, mahali alipomwekea Kaka shati la baba, pana kitambaa cha kijani chenye vitone vyeupe.

Kitambaa hicho aliniletea Fundi wa Saa. Alikuwa na kibanda karibu na posta, mpole, lenzi yake ameisukumia kwenye paji la uso hata akiwa anakula. Alikuja nyumbani misimu miwili ya mvua. Kila mtu alijua anakuja kwa nini. Aliponiletea kitambaa nilimpa mama anishonee gauni, akasema atajua cha kukifanyia. Nilipouliza baadaye, akasema kimeliwa na panya.

Mama alinishonea. Nimekaa saa nzima nikijiambia maneno hayo tu, mikono imejaa ukungu, nikicheka na kulia. Mama alinishonea! Nilikuwa na langu.

Halafu akili ikaanza kufanya kazi, na afadhali isingefanya. Hili limekuwa nyama ya tandiko la Mdogo. Mdogo alikabidhiwa tandiko lake siku ya harusi, nami ndiye niliyelibeba hadi kwenye gari. Nakumbuka uzito wake. Na siku hiyo ya harusi Fundi wa Saa alikuwepo. Alipanga viti, alivaa suti ya kuazima, akanitania kwamba zamu yetu inakuja. Aliacha kuja baada ya harusi, mvua zilipokwisha. Sikuwahi kujua kwa nini. Nilidhani alinichoka. Nimeishi na hilo umri wangu wote, kwamba mwanamume aliniangalia misimu miwili na akaona sifai.

Lakini mama alikuwa amekwisha kulishonea ndani tandiko langu wakati yeye bado anakuja. Alijua kwamba siendi popote kabla mimi sijajua, na kabla Fundi mwenyewe hajajua.

20 Aprili

Sikwenda popote. Sikula.

21 Aprili

Nimempigia wifi, nikamwambia neno moja, nimelifumua. Amefika kabla chai haijapoa, ndala miguuni, mvua imempiga. Alisimama barazani akaliona lile lenye kiraka cha kijani limetandazwa. Akavuta kigoda akakaa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilimshikia uzi."

"Sema yote."

Amesema yote, na sikumkatiza. Mama alilimaliza langu kwanza, akalificha uvunguni lisubiri siku yangu ya furaha. Kisha Mdogo naye akaposwa, ghafla. Baba alikuwa ameshafariki, Kaka na Dada wameshakwenda. Siku moja mama akalitoa uvunguni, akalitazama muda mrefu, akamwambia wifi, shika hapa, hili litamfaa mdogo wake kwa joto.

"Nikamuuliza, na mwenyewe je? Akasema, nikimtoa huyu na yule, mimi nitabaki na nani? Huyu mkubwa ndiye mwenye moyo wa kukaa."

"Na Fundi?"

Wifi aliangalia mikono yake. "Alikuja na mjomba wake, baada ya harusi. Wewe ulikuwa kazini. Mama aliwapokea vizuri, chai na kila kitu. Akawaambia umeshaposwa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa jikoni."

"Akaamini?"

"Aliuliza mara mbili. Mjomba wake ndiye aliyemnyanyua."

Mvua ilikuwa kubwa hata ilibidi aseme kwa nguvu, na maneno kama hayo hayafai kusemwa kwa nguvu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka yote hiyo, wifi, sahani moja, msiba mmoja.

"Nilikuwa bibi harusi mgeni, sina hata mtoto. Ningesema, nani angenisikiliza? Baadaye nikawa na watoto, nikaona mmeshazoeana wewe na mama. Nikaogopa kukuharibia na hicho kilichobaki. Kila ukiniangalia vibaya nilijua ninastahili, ingawa wewe hukujua kwa nini."

Simsamehi. Nimemwambia hivyo, akaitika kwa kichwa. Lakini nimemletea taulo ajikaushe nywele, na tumekunywa chai mpaka ikaisha, na yeye ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kukaa naye leo.

22 Aprili

Angeniomba.

Hilo ndilo linalonila. Angeniita tu akaniambia, mwanangu, naogopa kubaki peke yangu, kaa nami. Ningekaa! Namjua mtu niliyekuwa, ningekaa bila kinyongo, ningemwambia Fundi mwenyewe kwa mdomo wangu. Au tungeishi wote hapa, chumba kipo. Hakuniomba. Alinichukua tu, akaniacha nione aibu kwa kukosa kitu ambacho nilikuwa nacho. Na kila nilipompa uji alinishika mkono akaniambia, wewe ndiye uliyebaki na mimi. Nilidhani ananishukuru.

26 Aprili

Nimemfumua mama mshono kwa mshono, mpaka uzi wa mwisho. Sikukata hata kiraka kimoja. Alipolishona langu ndani mishono haikulegea popote, hakuchoka, hakusita. Nilitafuta mahali aliposita.

27 Aprili

Limekauka asubuhi moja.

4 Mei

Kaka ameitisha kikao cha matandiko. Ajenda ipo.

11 Mei

Walikuja wote. Nilikuwa nimeyatundika manne barazani, na mvua ilitulia kidogo wakayaona vizuri. La Kaka na la Dada, safi, yametiwa viraka. La Mdogo, uso na mgongo tu, vimepigwa pasi vikakunjwa. Na langu.

Wote walikwenda kwenye langu kama lina sumaku. Rangi zake hazijapauka kwa kuwa halikuwahi kuona jua. Hayo mengine ukiyaweka karibu nalo yanaonekana kama wazee.

"Hili ndilo zuri kuliko yote," Kaka akasema. "Lilikuwa wapi?"

Nikawaambia. Nilikuwa nimejifunza kuyasema kwa ufupi, nikayasema kwa ufupi: langu, ndani ya la Mdogo, na nani alimfukuza Fundi wa Saa. Wifi alisimama nyuma ya mumewe akasema, "Ni kweli. Nilikuwepo." Kaka akamgeukia kama amemwona kwa mara ya kwanza.

Halafu Dada akasema mama alikuwa mjane, nisimhukumu. Kaka akasema marehemu hasemwi. Mdogo akaanza kulia, akalia sana, mpaka Dada akamkumbatia. "Kwa hiyo harusi yangu yote," anasema, "harusi yangu yote ilikuwa juu ya mgongo wa dada." Nikangoja. Nilidhani atakuja kwangu. Akajifuta, akalishika lake lililokunjwa, akalipima mkononi.

"Mbona jepesi hivi?"

"Halina nyama."

"Sasa nitalitundika vipi? Litanywea." Akalitazama langu, kisha akanitazama mimi, uso wa yule mtoto niliyembeba mgongoni. "Dada, kwa nini usilirudishe tu ndani? Lilivyokuwa. Ndivyo mama alivyotaka."

Nadhani hata Dada alishtuka. Kaka, kwa kuokoa hali, akaja na azimio: hili zuri liwe la familia, likae ofisini kwake penye hewa, kila mtu aweze kuliona. Yeye atalitengenezea fremu ya kioo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kamba.

Sikupiga kelele. Nililiteremsha tandiko mbele yake, nikalikunja, nikaketi juu yake. Mwanamke wa umri wangu, nimekaa sakafuni juu ya tandiko barazani, ndugu zangu wamenizunguka.

"Kaka, umesema nitoke, ninatoka. Nyumba nimewaachia. Sufuria nimewaachia. Hili mtalichukua mkininyanyua."

Hakuna aliyeninyanyua. Wakachukua yao wakaondoka. Mdogo aliondoka na lake jepesi bila kuaga, mara yake ya kwanza tangu ajue kusema. Wifi ndiye aliyebaki kusaidia kuvua kamba.

18 Mei

Nilipita kwa Dada kuchukua mayai. Blanketi la shule liko nje kwenye uzio. Tandiko liko juu ya boksi la vifaranga. Amesema ni kwa wiki hii tu, kuna baridi.

25 Mei

Mvua zinapungua. Mafundi wa Kaka wako juu ya paa, wananitumbukizia misumari kwenye chai.

1 Juni

Nimehama. Wifi alikuja na gari la kukodi, tumebeba kitanda, kabati, jiko na masanduku mawili. Kaka alituma ujumbe wa kunitakia kheri. Mdogo hakutuma kitu.

Chumba kinatosha. Wifi alitaka kunitandikia, nikamwambia hapana, hilo nitafanya mwenyewe, akaelewa akaenda. Nimefunga mlango mchana kweupe, redio ya mjane inaimba upande wa pili, nimelitoa tandiko nikalitandaza kwa mara ya kwanza juu ya kitanda.

Halienei. Mama alilipima kwa kitanda cha watu wawili. Kitanda changu ni kile cha usichana, cha mtu mmoja, na tandiko limelala sakafuni kulia na kushoto. Nimelivuta huku, nimelivuta kule. Mwishoni nimelikunja katikati, kijani kimeangalia ndani, nikajilaza.

Lina joto mno.